Saa tatu usiku, nani yuko bwenini?

Ukimwuliza Mganda mzee anakwenda wapi Jumapili asubuhi, huenda akakujibu kwamba anakwenda okusoma. Hana daftari wala kalamu; ana rozari mfukoni na sadaka iliyofungwa kwenye pindo la leso. Kwa Kiganda kusoma ni kusoma, na kusali pia ni kusoma. Wakristo wa kwanza wa Buganda waliitwa abasomi, wasomaji, maana herufi na dini vilifika kwao vimeshikwa na mkono mmoja. Padri Siméon Lourdel, ambaye wenyeji walimwita Mapera, alitua Kigungu karibu na Entebbe pamoja na Bruda Amans mwezi Februari 1879, na baadaye, kila misheni ilipofunguliwa, shule na kanisa vilijengwa kwenye kiwanja kimoja. Hadi leo ukiona mnara wa kanisa la parokia kando ya barabara, tafuta shule. Iko pale pale kengele inaposikika.

Kwa nini basi mzazi Mkatoliki anaipendelea shule ya Kanisa? Majibu ya haraka kila mtu anayo: nidhamu, matokeo, sala. Yote yana ukweli wake. Lakini kaa na wazazi hao siku wanapohesabu ada, uwasikilize wanavyobishana, na utagundua kwamba wanachotafuta ni mtu. Saa tatu usiku mtoto akipandwa na homa, au akianza kumlilia mama yake, wanataka awepo mtu mzima anayeishi palepale, ambaye maisha yake yamefungwa na mahali hapo, na ambaye ana mkubwa wake wa kumwajibisha. Sista ana mama mkuu. Padri ana askofu. Mwalimu mkuu akikufungia mlango, unajua mlango wa pili wa kubisha.

Hicho ndicho wanachokilipia, na ndicho wengi wanachosahau kukikagua. Wameona jina la mtakatifu kwenye lango, wakaridhika.

Shule tatu, kibao kimoja

Uganda ina shule za aina tatu ambazo watu huziita "za Kikatoliki", na ni vizuri kuzitenganisha kabla ya kununua hata soksi.

Kuna shule iliyoanzishwa na Kanisa lakini inayosaidiwa na serikali. Ardhi kwa kawaida ni ya jimbo au shirika, jina ni la mtakatifu, ila tangu sheria ya elimu ya 1963 serikali ndiyo inayoshika usukani: inalipa mishahara, inawapanga walimu na kuwahamisha, mwalimu mkuu akiwa miongoni mwao. Kanisa limebaki na cheo cha mwanzilishi. Sheria ya elimu ya 2008 inampa mwanzilishi nafasi kwenye kamati ya shule ya msingi na kwenye bodi ya sekondari, pamoja na kupendekeza mwenyekiti. Namilyango, iliyoanzishwa na mapadri wa Mill Hill mwaka 1902, iko kundi hili, na Kisubi ya mwaka 1906, iliyoanzishwa na Mapadri Weupe, iko humu pia. Na humuhumu imo shule ya UPE, yaani ya mpango wa serikali wa elimu ya msingi kwa wote, yenye mabati yaliyotoboka nyuma ya kanisa la kigango, tawi dogo la parokia. Mzazi anayefika akidhani kila mwalimu ni Mkatoliki hushangaa kumkuta mwalimu mkuu Mwanglikana au Mwislamu. Hakuna aliyekosea. Serikali imempanga, kama inavyowapanga wengine.

Halafu kuna shule ya binafsi inayomilikiwa na Kanisa lenyewe, yaani jimbo, parokia au shirika la kitawa. Hapa Kanisa ndilo linaloajiri na kupanga ada. Ukitaka kumkuta sista bwenini, tafuta huku kwanza: Bannabikira wa Bwanda, Masista Wadogo wa Mtakatifu Fransisko ambao Mama Kevin aliwaanzisha Nkokonjeru mwaka 1923, au kwa wavulana Mabruda wa Kisubi na Bannakaroli wa Kiteredde. Lakini hesabu vichwa. Shirika linaweza kuwa na shule tano na masista waliogawanywa mmoja mmoja, na huyo mmoja yuko ofisi ya mhasibu akipokea risiti za benki, haonekani bwenini kamwe. Usiulize "Je, mna masista?" Uliza wako wangapi, wanalala wapi, na yupi ana kazi gani.

Aina ya tatu ni shule ya mtu. Amenunua ekari mbili, amejenga, ameandika St. fulani kwenye ukuta, na kwenye nembo amechora msalaba juu ya kitabu kilichofunguliwa. Si dhambi, na baadhi yao hufundisha vizuri kabisa. Ila sheria ya Kanisa, kanuni ya 803, inasema hakuna shule inayoweza kujiita Shule ya Kikatoliki bila idhini ya mamlaka ya Kanisa, hata kama ndani yake ni ya Kikatoliki kweli. Mwenye shule akitumia tu jina la mtakatifu na kukwepa neno "Katoliki", hajavunja kitu. Wewe ndiye unayepoteza, kwa kuwa mambo yakiharibika hakuna mlango wa pili. Mwenye shule ndiye askofu wa shule yake.

Ukweli huu haupatikani kwa kuuliza getini. Nenda ofisi ya katibu wa elimu wa jimbo, au mpigie simu. Uliza shule iko kwenye orodha yao au la, ardhi iko kwa jina la nani, na nani anakaa kwenye bodi kwa niaba ya askofu. Ni mazungumzo ya dakika chache. Kisha tazama maelezo ya malipo kwenye karatasi ya shule: akaunti ikiwa kwa jina la mtu mmoja, jibu umeshalipata bila kuuliza.

Barua ya paroko haiandikwi Januari

Shule nyingi za msingi za parokia huomba mambo yaleyale: nakala ya cheti cha kuzaliwa, kadi ya ubatizo, ripoti ya shule aliyotoka mtoto, picha ndogo. Baadhi huongeza barua ya paroko, na hapo ndipo wazazi hukwama. Paroko hamjui kila mtu. Atakurudisha kwa katekista wa kigango chako, na katekista atakuuliza jumuiya yako ndogo ya Kikristo ni ipi. Kama mara ya mwisho kuonekana jumuiyani mlikuwa mnamzika jirani miaka mitatu iliyopita, mwenyekiti atakuwa na maneno machache ya kukuambia kabla ya kutia sahihi. Na zaka itatajwa. Hilo huudhi watu, lakini ndivyo ilivyo, na ukilifahamu mapema unaanza safari hiyo Septemba, si wiki ya mwisho ya Januari wakati foleni imefika kwenye sanamu ya Bikira Maria nje ya ofisi.

Kwa sekondari barua ina nguvu ndogo kuliko watu wanavyodhani. Chaguo la shule hujazwa wakati mtoto anaandikishwa kwa mtihani wa darasa la saba, kabla hajaufanya, na baadaye kinachosema ni alama. Mtihani huo, PLE, una masomo manne, kila moja hupewa daraja kuanzia 1 hadi 9, zikijumlishwa mtoto hupata kati ya 4 na 36, na 4 ndiyo bora. Kundi la kwanza la ufaulu (Division One) huishia jumla ya 12, lakini shule kubwa za Kanisa zinazogombaniwa na nchi nzima hujaza nafasi zao mapema mno kabla ya kufika huko. Mzazi anayeweka shule tatu za juu katika nafasi tatu za kwanza kwa mtoto anayepata 11 kwenye mazoezi amezitupa nafasi hizo zote. Weka moja ya ndoto, ya pili inayofikika, na ya tatu ya jimboni kwenu ambako wanakujua.

Seminari ndogo ni jambo jingine. Zina mtihani wao na usaili wao, na huko barua ya paroko ni sharti. Bukalasa imekuwepo tangu 1893, na wengi waliopita kwenye seminari za nchi hii leo ni madaktari na mawakili wenye wake na watoto. Kanisa linalijua hilo na haliwachukii. Lakini kumfundisha mtoto wa miaka kumi na mitatu aseme kwenye usaili kwamba anataka upadri wakati nyumbani mmekubaliana anatafuta hisabati nzuri, mimi naliona ni jambo baya, na walezi wa seminari wanalinusa haraka.

Robo ya karatasi

Kuna faida moja ya darasani ambayo wazazi huidharau. Mtihani wa PLE wa maarifa ya jamii una elimu ya dini ndani yake. Sehemu ya kwanza ina maswali 40 ya alama moja moja, ya pili ina 15 ya alama nne nne. Katika sehemu ya kwanza, maswali ya 36 hadi 40 ni ya dini; katika ya pili, ya 51 hadi 55. Piga hesabu: alama 5 na alama 20, jumla 25 kati ya 100. Robo nzima ya karatasi ni dini.

Kila swali kati ya hayo limeandikwa mara mbili, moja la Ukristo na moja la Uislamu, na mtoto anachagua upande mmoja. Maelekezo yanasema wazi kwamba akijibu pande zote mbili kwa namba ileile hapati kitu. Na bado kila mara kuna mtoto anayeona nafasi tupu akaijaza, kwa kuwa amefundishwa nyumbani na shuleni kwamba nafasi tupu ni uvivu. Shule nzuri hulifanyia jambo hili mazoezi: mwalimu huwaambia watoto wapige mstari mwembamba kwa penseli kando ya upande wao, kisha wasiutazame tena upande wa pili. Shule ya Kanisa ina mwalimu wa dini anayelijali somo hilo hadi darasa la saba, wakati kwingine vipindi vya dini hugeuzwa kuwa vipindi vya hisabati kuanzia muhula wa kwanza. Mtoto mwenye sayansi ya wastani anaweza kuokolewa na hizo 25.

Dini haiishii darasa la saba. Katika mtaala wa sekondari ya chini ulioanza 2020, elimu ya dini ni somo la lazima kidato cha kwanza na cha pili, sambamba na Kiswahili.

Salamu Maria au Mirembe Maria

Wanaozungumza Kiswahili nyumbani, wa Koboko, Tororo, Busia, au wa kambi za jeshi, wana tatizo lao ambalo Mganda wa Masaka hajawahi kulifikiria. Katekisimu hufundishwa kwa lugha ya parokia. Mtoto aliyelelewa na "Salamu Maria, umejaa neema" akipelekwa bweni la Buganda atakutana na "Mirembe Maria, ojjudde enneema", na muhula wa kwanza atakuwa anatikisa midomo tu. Watoto hujifunza upesi. Shida huja siku ya kuhojiwa kabla ya Komunyo ya kwanza, pale katekista mgeni anapomwuliza Amri za Mungu kwa Kiganda naye anazijua zote kumi kwa Kiswahili. Anaonekana hajui. Anarudishwa mwaka mzima.

Dawa yake ni ndogo. Muhula unapofunguliwa, mzazi amwone katekista wa shule (si mwalimu wa darasa), amwambie mtoto anasali kwa lugha gani, na aombe ahojiwe kwa Kiswahili au Kiingereza. Wengi hukubali. Na umpe mtoto kitabu cha sala chenye lugha anayoijua, maana vitabu vya shuleni vitakuwa vya lugha ya pale.

Sanduku

Kuhusu mahitaji, karatasi ya shule itataja kila kitu, kuanzia rimu za karatasi hadi fagio na jembe, na hakuna haja ya kuirudia. Nataja yale tu yanayokwenda mrama.

Chandarua. Wazazi hununua kile cha duara kinachoning'inizwa kwa ndoano moja, kwa kuwa ndicho kizuri dukani. Bwenini vitanda ni vya ghorofa. Mtoto wa kitanda cha chini hana dari juu yake, ana mbao za mwenzake. Chandarua cha duara kinakosa pa kuning'inia na kuishia kufunikwa kama shuka. Nunua cha pembe nne chenye kamba nne, kifungwe kwenye nguzo za kitanda.

Kufuli. Sanduku la bati huja na kufuli na funguo mbili, na mtoto huondoka na zote mbili kwenye kamba moja. Zikipotea, na zitapotea, fundi wa shule hukata kufuli kwa tindo, na kuanzia hapo sukari yake ni ya bweni zima. Ufunguo mmoja akabidhiwe matroni mbele yako, ukiwa umefungwa karatasi yenye jina. Jina hilohilo liandikwe kwa rangi ya mafuta mbele ya sanduku na si juu tu, kwa sababu masanduku hupangwa moja juu ya jingine.

Rozari ya waya mwembamba hufunguka vifundo ndani ya mwezi. Ya uzi uliofumwa hukaa mwaka mzima.

Nenda jioni

Siku ya kuwatembelea watoto shule imepakwa chokaa na kuku amechinjwa. Siku hiyo hujifunzi kitu. Omba kuliona bweni siku ya kawaida, muhula ukiwa unaendelea, kuanzia saa kumi na moja jioni. Shule yenye kujiamini itakupa mtu wa kukuzungusha.

Tazama milango kwanza. Bweni liwe na milango miwili inayofunguka kwa nje, na usiku isifungwe kwa kufuli kutoka nje. Vyuma vya madirishani ni tatizo kubwa katika nchi hii: vimewekwa kuzuia wezi, na moto ukiwaka vinawazuia watoto. Angalau dirisha moja kila upande liwe na vyuma vinavyofunguka, na uulize nani ana ufunguo. Pima nafasi kati ya vitanda kwa mwili wako. Ukilazimika kupita ubavu, watoto sitini hawatapita gizani. Vitanda vya ghorofa tatu viogope. Kisha uliza matroni analala wapi. "Hapo karibu" si jibu, aonyeshe mlango. Uliza zahanati ya shule ina muuguzi usiku au mchana tu, na mtoto akizidiwa usiku wa manane gari ni la nani.

Kuhusu viboko: sheria ya watoto iliyorekebishwa mwaka 2016 inakataza adhabu ya kupiga shuleni. Jina la nidhamu ya Kikatoliki limetumika kuficha fimbo kwa muda mrefu, na wazazi tumelishangilia wenyewe. Mwulize mwalimu mkuu bila kuzunguka: mtoto akichelewa misa hufanywa nini? Akicheka na kusema "tunawanyoosha," endelea kuuliza.

Na misa yenyewe, ulizia ratiba badala ya kudhani. Parokia yenye vigango kumi na tano na mapadri wawili haiwezi kuleta padri shuleni kila Jumapili. Shule nyingi za vijijini zina misa mara moja kwa mwezi, na Jumapili nyingine katekista au mwalimu huongoza ibada ya Neno. Hilo si kasoro. Ila mzazi aliyedhani mtoto anapata kitubio kila wiki ajue kwamba pengine anakipata mara moja au mbili kwa muhula. Shule za sekondari zenye mlezi wa kiroho anayeishi ndani ya uzio ni hazina, na swali hilo moja, padri anaishi wapi, litakuonyesha mengi kuliko ukurasa mzima wa matangazo. Uliza pia kama kuna YCS, chama cha wanafunzi wanaofuata ona, amua, tenda. Mahali kinapoishi kweli utawakuta wanafunzi wakigombana kwa hoja kuhusu chakula cha bwalo, na hiyo ni ishara nzuri.

Ada nitaipitia haraka. Lipa kwa namba ya malipo ya mtoto benki au kwa simu, usimpe mtu mkononi, na usithubutu kumpa mtoto. Kahawa haivunwi kwa kalenda ya muhula, hivyo anayetegemea shamba amwone mhasibu wiki mbili kabla ya kufungua, akubaliane naye awamu, na makubaliano yaandikwe. Anayekuja siku ya kufungua na nusu mkononi hupewa mkwaruzo mbele ya mtoto wake, na mtoto hukumbuka.

Wale wasiotajwa

Kuna sababu moja ambayo wazazi huisema kwa sauti ya chini: wanaogopa mtoto arudi likizo ameokoka, rozari ameiacha, na mezani anawahubiria wazazi wake. Woga huo upo, na una sehemu yake katika uchaguzi wa shule, hata kama si wa kujivunia. Shule ya Kanisa haiuondoi. Humo kuna Waanglikana, Waislamu na walokole, wakati mwingine nusu ya darasa, kwa sababu wazazi wao nao wametafuta yuleyule mtu wa saa tatu usiku. Sensa ya 2014 iliwahesabu Wakatoliki kuwa asilimia 39.3 ya wananchi. Hakuna shule za kutosha kuwatenganisha watoto kwa dini, na sioni kwa nini watenganishwe. Mzazi Mwislamu aulize mapema mwanawe atasali wapi Ijumaa na atakula nini Ramadhani, na jibu litolewe kabla ya ada kulipwa.

Kanuni ya 798 huwataka wazazi wawapeleke watoto shule zinazotoa elimu ya Kikatoliki. Watu huishia hapo. Sentensi inaendelea: wasipoweza, wahakikishe malezi hayo yanapatikana nje ya shule. Mzazi wa Arua ambaye shule nzuri karibu naye ni ya Waanglikana hajatenda kosa; ana Jumamosi za katekisimu kigangoni, na kwa kweli watoto wa kutwa wenye jumuiya hai mara nyingi huijua imani kuliko wa bweni la gharama. Wa bwenini likizo ikifika hawajulikani parokiani kwao. Hawamjui katekista, hawako kwenye kwaya, na jumuiya huwaita "wageni wa Desemba".

Pambizo la kitabu

Kutoka hapo linakuja kosa ambalo huonekana baada ya miaka kumi na zaidi, na ambalo hakuna karatasi ya shule inayolitaja.

Kila Mkatoliki ana mstari mmoja katika kitabu cha ubatizo cha parokia alikobatizwa. Mstari huo una pambizo, na kipaimara, ndoa, upadri au nadhiri za utawa huandikwa pembeni pake. Mtoto aliyebatizwa Tororo akipata kipaimara shuleni Masaka, kanuni ya 895 inataka habari zipelekwe Tororo zikaandikwe. Siku ya kipaimara askofu anawapaka mafuta watoto mia mbili au tatu. Majina yanaandikwa kwenye daftari la shule, yanahamishiwa parokia ya pale ikiwezekana, na barua kwenda parokia mia tofauti haziandikwi. Kijana anataka kufunga ndoa, anaomba cheti kipya cha ubatizo, pambizo ni jeupe. Shule imebadilisha uongozi mara nne na daftari limeliwa na mchwa.

Kabla ya siku hiyo, angalia jina. Shuleni na UNEB, baraza la mitihani la taifa, mtoto ni Charles. Kitabuni ni Karoli, na jina la ukoo limeandikwa kwa herufi za katekista wa wakati ule. Mpe mlezi wa shule nakala ya kadi ya ubatizo yenye namba ya kitabu na jina kama lilivyoandikwa, ili orodha ya kipaimara ifuate hilo. Msimamizi awe amepata kipaimara, awe ametimiza miaka 16, na asiwe baba wala mama wa mtoto. Shule zikikosa wasimamizi hupanga mwalimu mmoja awasimamie watoto ishirini. Inakubalika, ila ni huzuni. Shangazi anayepanda basi na kuja ni bora mara kumi.

Baada ya misa, usiondoke na picha tu. Omba karatasi yenye mhuri: jina la mtoto, tarehe, jina la askofu aliyempa kipaimara, msimamizi, na parokia. Ipeleke mwenyewe kule alikobatizwa, likizo ileile, asubuhi ya siku ambayo karani yuko. Mwombe alete kitabu, mkautafute mstari pamoja, na usiiache karatasi mezani kwa ahadi kwamba itashughulikiwa. Subiri hadi aandike pambizoni, ukiangalia. Na uende na kalamu yako, maana ile ya ofisini imefungwa kwa uzi kwenye mguu wa meza na kwa kawaida haina wino.